Nyuzi za asili na za kiwandani: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wengi wetu hugawa nguo katika mafungu mawili tu: zinazotokana na mimea au wanyama, na zinazotokana na plastiki. Mgawanyo huo si wa uongo, ila unaliacha nje fungu la tatu, la nyuzi ambazo kiwanda huziunda upya kutokana na mimea, na hapo ndipo dhana nyingi potofu hupata pa kuingilia.

Dhana: Kitambaa cha mwanzi ni cha asili kama kile cha pamba.

Nyuzinyuzi za mwanzi zinaweza kweli kutolewa kwa kuuponda na kuuchambua, kama kitani kinavyotolewa kwenye bua la mmea wake, lakini kitambaa cha namna hiyo huwa kigumu, tena ni adimu sokoni. Kile kilaini chenye picha ya majani mabichi kwenye lebo karibu kila mara ni viskosi, ambayo ni aina ya rayoni, yaani uzi wa kiwandani utokanao na mimea. Mwanzi, au mti mwingine wowote ufaao, hugeuzwa kuwa rojo, rojo hiyo ikalowekwa katika soda kaustiki, ikatiwa kaboni disulfidi na kuyeyushwa tena katika soda, hadi ukapatikana ugiligili mzito wa rangi ya machungwa, mithili ya asali. Ugiligili huo husukumwa kupitia sahani ya chuma yenye vitundu vidogo mno, na kila mchirizi unaotoka hukutana papo hapo na asidi ya salfa iliyozimuliwa, ukaganda na kuwa uzi. Mmea umetoa selulosi, ile dutu inayojenga kuta za seli zake. Umbo la uzi ni kazi ya kiwanda. Njia hii ilipewa hataza Uingereza mwaka 1892 kwa majina ya Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle, na kaboni disulfidi inayotumika ni sumu inayodhuru neva za wafanyakazi wanaoivuta kwa muda mrefu. Mwaka 2009 mamlaka ya biashara ya serikali kuu ya Marekani iliwachukulia hatua wauzaji kadhaa waliokuwa wakiita rayoni “mwanzi” na kudai kwamba inaua bakteria. Haki itendeke pia kwa liyoseli, ndugu mdogo wa viskosi: yenyewe hutumia kiyeyushi ambacho karibu chote hukusanywa na kurudishwa kazini.

Dhana: Nyuzi za asili hazipitii kemikali.

Pamba ikishachambuliwa mbegu, ikasokotwa na kufumwa, kwa kawaida huchemshwa katika soda kaustiki ili kuondoa nta yake, kisha hung'arishwa kwa peroksidi ya hidrojeni kabla ya kutiwa rangi. Mng'ao wa nyuzi nyingi za kushonea nao ni zao la soda hiyohiyo, jambo aliloligundua Mwingereza John Mercer mwaka 1844. Sufu inayoandikwa kwamba inaweza kufuliwa kwa mashine, mara nyingi imepitishwa kwenye klorini ili kulainisha magamba ya unywele, kwa kuwa magamba hayo ndiyo yanayoshikana na kuifanya nguo isinyae.

Dhana: Wazo la kukamua uzi kutoka kwenye kimiminika ni la kiwandani.

Kiwavi wa hariri alitangulia. Ndani ya mwili wake hariri ni protini iliyo katika hali ya ugiligili, na hugeuka kuwa uzi inapovutwa kutoka kwenye kitundu kilicho karibu na kinywa chake, naye akichezesha kichwa huku na huku hadi akajizungushia kifukofuko cha uzi mmoja wenye urefu wa mamia ya mita. Kwa kuwa nondo akitoka hulitoboa ganda na kuukata uzi huo, wafugaji kwa kawaida humuua kwa joto akiwa bado ndani. Wanaodhani hariri haina mauti waelewe hivyo. Mfaransa Hilaire de Chardonnet, aliyeonyesha hariri yake ya bandia mjini Paris mwaka 1889, alikuwa akimwiga kiwavi, ingawa nyuzi zake zilishika moto upesi mno.

Dhana: Nailoni na poliesta ni kitu kimoja.

Nailoni ilipatikana mwaka 1935 katika maabara za DuPont chini ya Wallace Carothers, na viungo vinavyoshikanisha molekuli zake vinafanana na vile vya protini ya hariri. Poliesta ilibuniwa Uingereza mwaka 1941 na John Whinfield na James Dickson. Ni plastiki ileile ya chupa za maji, inayoyeyuka karibu na nyuzijoto 260 za Selsiasi. Katika hewa ya kawaida nailoni hunyonya unyevu wa takriban asilimia 4 ya uzito wake, na poliesta chini ya asilimia 1. Pamba hufikia kama asilimia 8, na sufu hukaribia 16, tena bila kuonekana kama imelowa.

Dhana: Mkono unatosha kutambua nyuzi.

Poliesta ikikatwa vipande vifupi, ikakunjwakunjwa na kusokotwa, humdanganya hata mzoefu. Moto husema zaidi. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sahani, uziwashe. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha tone gumu lisilopondeka. Sufu na hariri hujikunja, hunuka kama nywele zilizoungua, na masalia yake hupondeka vidoleni. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, na viskosi hufanya vivyo hivyo, kwa sababu zote mbili ni selulosi. Hapo badala ya moto tumia maji: uzi wa viskosi ukilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake na kukatika upesi ukivutwa, ilhali wa pamba huwa imara zaidi kuliko ulipokuwa mkavu.