Mtoto hazaliwi akitumikia adhabu

Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri alipokuwa tumboni, iwe Tandika au Mbagala, haikosi mtu barazani wa kusema wazazi walikosea mahali, au mtoto kaja na dhambi zake. Wasemao hivyo hawajatunga: wengi hutaja Kutoka 20:5, panaposema uovu wa baba hupatilizwa wana.

Lakini fungua Yohana 9. Wanafunzi waliuliza swali hilohilo kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu akajibu: si yeye, wala wazazi wake. Ezekieli 18:20 nayo yasema mwana hatauchukua uovu wa baba.

Dhambi ya asili je, ile inayosemwa imetokana na Adamu? Hapo ndipo wengi huchanganya, na kusema kweli si somo jepesi. Wakatoliki hufundisha kuwa ni hali ya kurithi, si kosa alilolitenda mtoto. Waorthodoksi husisitiza kurithi kifo kuliko hatia.

Ukisomewa mstari mmoja, soma sura nzima, kisha muulize katekista au mchungaji. Habari za mgongo wazi muulize muuguzi wa kliniki. Atakueleza kwamba upungufu wa asidi ya foliki, aina ya vitamini, mwanzoni mwa ujauzito huongeza hatari yake.