Je, wajua? Mchanga hutikiswa mapema ili tetemeko lisije likaugeuza uji

Tarehe 16 Juni 1964, tetemeko la kipimo cha 7.5 liliupiga mji wa Niigata, Japani. Huko Kawagishi-cho maghorofa ya zege yaliinama, moja likalala karibu kabisa ubavuni, lakini lenyewe halikubomoka. Mengi ya maghorofa hayo yaliinuliwa kwa jeki, yakakaliwa tena.

Nilipoona picha zake mara ya kwanza nilijua jibu papo hapo: wamejenga kwenye tope, wangemwaga mchanga safi. Nilikosea kabisa. Tope la mfinyanzi hushikana, na ingawa lina vituko vyake, huu si mojawapo. (Ule udongo laini ulio katikati ya mchanga na mfinyanzi bado huwagombanisha wataalamu.) Kinachogeuka uji ni huohuo mchanga safi niliotaka wamwage, ukiwa umelegea na kulowa. Nilidhani pia ardhi hupasuka ikameza jengo. Wala haipasuki kwanza. Inaacha tu kubeba.

Chukua kisado cha maharage sokoni. Mteja mjanja hukigonga chini mara mbili tatu, maharage yanashuka, panapatikana nafasi ya konzi nyingine. Muuzaji hapendi. Sasa jaza maji kwenye mianya yote, kisha gonga. Maharage yanataka kushuka, ila nafasi imeshikwa na maji, na maji hayana muda wa kutoka. Kwa sekunde hizo punje haikalii punje. Uzito wote umeangukia maji. Ndivyo mchanga unavyofanya chini ya jengo. Kizito kinazama, chepesi kinaibuka: Niigata hata matangi yaliyofukiwa yalipanda juu. Baadaye maji hupenya hadi juu yakibeba mchanga, na ardhi inakuwa ngumu tena, jengo likiwa limeshalala.

Dawa, basi, ni ya yule mteja: gonga kisado mapema. Mtambo wenye nondo inayotetema huzamishwa ardhini, mchanga unajipanga, shimo linajazwa mchanga mwingine au kokoto. Penye udongo laini mwingi mtetemo haufui dafu, hivyo huchanganywa saruji.

Na utajuaje kwamba imetosha? Hapa viwango vinanifurahisha kwa ukale wake: nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka sentimita 76 ipige bomba lililosimamishwa ardhini, mtu akihesabu mapigo hadi bomba lizame sentimita 30. Mapigo machache, mchanga umelegea. Hesabu hiyo hugeuzwa kuwa uwezo wa mchanga kustahimili, ukagawanywa kwa msukosuko wa tetemeko linalotarajiwa. Jibu likiwa chini ya 1, kazi haijaisha. Kanuni za Ulaya, Eurocode 8, zinapendekeza 1.25. Tahadhari: tetemeko linalotarajiwa ni makadirio, na kuvuka namba hiyo hakumaanishi jengo halitashuka hata kidogo.

Hata hivyo ushahidi upo. Katika tetemeko la mwaka 2011, sehemu kubwa ya Urayasu, mji wa karibu na Tokyo uliojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya bahari iliyofukiwa, iligeuka uji, chemba za maji taka zikachomoza barabarani. Tokyo Disneyland, bustani ya burudani, iko hapohapo. Bustani yenyewe, ambayo ardhi yake ilikuwa imeimarishwa, ilisalimika. Maegesho yake, ambayo hayakuimarishwa, yalifurika mchanga na maji.