Homa na vipele havikwambii kama una VVU

Wengi wakishapatwa na wasiwasi baada ya tukio la hatari, kama ngono bila kondomu, hujipapasa tezi za shingo, huhesabu vipele kwenye kioo, kisha hujihukumu: "Tayari ninao." Dalili hazipimi VVU. Ni kweli, wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa baadhi ya watu hupata homa, koo kuuma, tezi kuvimba na vipele. Lakini mafua huleta mengi ya hayo, malaria nayo huleta homa, na wapo walioambukizwa wasihisi chochote. Hofu yenyewe haina adabu: huleta jasho, kuharisha, kukosa usingizi, hata kukonda kwa kutokula, na mtu huyasoma yote hayo kama ushahidi.

Jibu liko kwenye kipimo, tena kwa wakati wake. Kile cha haraka cha kutoboa kidole hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, nazo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Ukipima siku ya tano baada ya tukio, "hasi" bado haikuhakikishii kitu; rudia miezi 3 ikitimia. Na kama tukio halijapita saa 72, acha kujikagua, wahi kituo cha afya sasa hivi uulizie PEP, dawa za kinga zinazomezwa kwa siku 28. Hofu ikikuzidi, mweleze mshauri nasaha wa hapohapo kituoni. Hiyo ndiyo kazi yake.