Kupinga Idhini ya Ujenzi Inayotishia Mji wa Kale: Kesi Mbili za Lamu

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ni rahisi kudhani kwamba hadhi hiyo peke yake inatosha kuuzuia mradi wowote wenye madhara, lakini mbele ya sheria za Kenya kinachoamua kesi mara nyingi ni jinsi idhini ilivyotolewa: nani aliarifiwa, aliarifiwa lini, na alipewa taarifa gani kabla ya kuulizwa maoni yake.

Mfano bora ni leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, uliopangwa kujengwa Kwasasi katika Kaunti ya Lamu, ambayo ilitolewa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, Septemba 2016. Kanuni za tathmini ya athari za mazingira zinataka mabango yabandikwe mahali pa wazi, tangazo litolewe gazetini kwa wiki mbili mfululizo na redioni pia, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na watakaoathirika. Mikutano ilikuwepo, tena mingi. Hata hivyo, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilibaini kwamba ilifanyika kabla utafiti haujakamilika, hivyo wananchi waliombwa maoni juu ya athari ambazo hawakuwa wameelezwa. Tarehe 26 Juni 2019 leseni hiyo ikafutwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzito wote wa uamuzi ule, kwani orodha ya mahudhurio yenye sahihi za watu haithibitishi kwamba walishirikishwa.

Rufaa dhidi ya leseni ya mazingira hupelekwa kwa jopo hilo ndani ya siku 60. Kwa idhini ya ujenzi inayotolewa na kaunti muda ni mfupi mno: siku 14, mbele ya kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti (liaison committee), na asiyeridhika huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Aidha, Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kudai haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Kesi ya kupinga ujenzi wa bandari ya Lamu inatufunza jambo jingine. Iliwasilishwa mwaka 2012, na Mahakama Kuu ikaiamua mwaka 2018: haki za wakazi za mazingira, utamaduni na kupata habari zilikiukwa, wavuvi walipwe takriban shilingi bilioni 1.76, na hatua zichukuliwe kuuhifadhi urithi wa kisiwa. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini ujenzi haukukoma, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Kwa hiyo anayetaka kuokoa jengo au ufuo, si kulipwa fidia yake, aombe amri ya kusitisha kazi siku ileile anapowasilisha kesi yake.