Je, wajua kwa nini video za mihadhara hazitoshi kukifanya chuo kuwa huria?

Muulize mtu yeyote Mbeya au Iringa chuo kikuu kifanye nini ili kimfundishe mwalimu aliyeko Makete au karani wa Tunduma bila kumhamisha. Jibu huja haraka: warekodi mihadhara, waiweke mtandaoni, na bando lishuke bei. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona wengi waliamini hivyo, na bado wanaamini. Jibu hilo linachukulia kwamba anachokosa mwanafunzi wa mbali ni maelezo ya mwalimu, na hapo ndipo linapopotoka.

Maelezo yapo tele. MIT, chuo kikuu cha Marekani, ilitangaza mwaka 2001 kwamba itaweka wazi kwa kila mtu maandiko ya masomo yake. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua pale Chuo Kikuu cha Stanford kozi ya akili mnemba isiyo na ada, wakajiandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata MIT ikaja na kozi ya saketi na elektroniki: walijiandikisha 154,763, wakafaulu 7,157. Hawafiki watano katika kila mia.

Takwimu hiyo huwafanya wengine waseme elimu ya mtandaoni imefeli, na hilo nalo si sahihi. Kujiandikisha bure ni kubonyeza tu. Watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walipochambua kozi za MIT na Harvard, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2019, waligundua kwamba zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakufungua hata ukurasa wa kwanza wa somo. Kwa waliolipia cheti mwaka wa masomo 2017/18, asilimia 46 walimaliza. Tusiseme ada ndiyo iliyowasomesha, kwa sababu anayelipa huwa ameshakusudia kusoma. Lakini hata hao walioweka fedha zao, zaidi ya nusu waliishia njiani, na video zilikuwa nzuri.

Sababu mojawapo imo katika namna kumbukumbu inavyofanya kazi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma kwa kipindi kimoja, kisha kwa vipindi vitatu likajaribu kuandika linachokikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja hali ilipinduka: wao walikumbuka kiasi cha asilimia 40, na waliojipima asilimia 61.

Mkulima wa chai wa Rungwe au Mufindi anaujua mwenendo huu shambani kwake. Mchai ukiachwa bila kuchumwa haukusanyi majani ya kuuza. Chipukizi la juu huyazuia macho ya pembeni yasifunguke, na mmea hurefuka kuwa mti ambao mkono haufiki. Ukichuma ile ncha, macho yaliyokuwa yamelala huamka, machipukizi mapya yanatoka, na baada ya wiki moja au mbili unarudi kuchuma tena. Kichaka hutoa kwa sababu kinachumwa. Ukiacha mzunguko upite, yale majani machanga yanakomaa na hayafai tena kiwandani. Akili nayo, kila inapodaiwa kutoa ilichokipokea, hukishika zaidi, na kudai huko kunahitaji ratiba. Mhadhara wa saa nzima, hata ukipigwa picha kwa kamera ya bei gani, ni mbolea tu. Haumdai mwanafunzi chochote.

Jaribio lile la Roediger na Karpicke lilikuwa la vifungu vifupi na wanafunzi wa chuo wanaojua kusoma vizuri. Kozi ya muhula mzima ni jambo zito zaidi, na maswali ya kubonyeza peke yake hayatoshi. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha San José State cha California kilishirikiana na Udacity, kampuni ya kozi za mtandaoni, kufundisha hisabati mtandaoni, na maswali ya papo kwa papo yalikuwepo. Waliofaulu walikuwa wachache kuliko wa darasani, na Julai mpango ukasitishwa. Matokeo ya awamu ya kiangazi yalipanda, ila wengi wa wanafunzi hao walikuwa na shahada tayari. Aliye dhaifu katika somo anahitaji mtu wa kumwonyesha alipopotea.

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1971, kililifahamu hili kabla ya intaneti. Kilikuwa na vipindi vya BBC, lakini uti wa mgongo wake ulikuwa kazi zilizotumwa kwa posta na wakufunzi wa muda waliozisahihisha na kuandika maoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, Mbeya na Iringa vikiwemo, ambako mtu hufanyia mtihani bila kufika Dar es Salaam.

Kwa hiyo MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya), Chuo Kikuu cha Iringa au Mkwawa, chuo kikuu kishiriki cha elimu kilichoko Iringa, havina haja ya kujenga studio kwanza. Somo la kalkulasi limeshaelezwa vizuri na wengine, kwa leseni huria, na linaweza kupakuliwa mara moja likasomwa bila mtandao. Fedha ziende kwenye maswali mafupi ya kila wiki yanayopita kwenye simu ndogo, kwenye tarehe zisizosogezwa, na kwa wasahihishaji. Mhadhiri mmoja hawezi kusoma insha mia nne. Lakini Nyanda za Juu Kusini zina shule za sekondari hadi Ludewa na Kyela, na ndani yake wamo walimu wenye shahada, baadhi yao wamesomea hapo hapo Mkwawa. Chuo kiwape mafunzo, kiwakabidhi kila mmoja wanafunzi ishirini na tano wa wilaya yake, na kiwalipe kwa kila kazi iliyorudishwa na maoni ndani ya siku saba.