Utumbo umelala, umeziba au umejisokota? Maswali na majibu kuhusu neno "ileasi"

Dada mmoja wa Pasua, hapa Moshi, alinionyesha karatasi ya ruhusa ya mdogo wake aliyejifungua kwa upasuaji. Katikati ya mwandiko wa daktari kulikuwa na neno la herufi tano: i, l, e, u, s. Alikuwa ameshaliulizia kwa watu watatu. Wa kwanza alimwambia utumbo ulijisokota, wa pili kwamba uliziba, wa tatu kwamba ulilala tu. "Sasa muongo ni nani?" Nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi, nikamjibu kwamba hakuna muongo. Hapo ndipo maswali yalipoanza, yake na ya shoga zake waliokuwa wamekaa naye.

Ileasi ni nini hasa?

Daktari wa siku hizi akiliandika neno hili peke yake, mara nyingi anamaanisha kwamba utumbo umeacha kusukuma ingawa njia haijaziba. Utumbo wenye afya hautulii. Unajibana nyuma ya chakula na kulegea mbele yake, hatua kwa hatua, mpaka mwisho. Ukiweka stetoskopu juu ya tumbo la mtu asiye mgonjwa utasikia linanguruma na kubwabwaja. Kwa mwenye ileasi unasikia kimya, kama kanisa siku ya Jumanne. Hewa na maji vinajikusanya ndani, tumbo linavimba, kichefuchefu kinaanza.

Basi yule aliyesema "kujisokota" alilitoa wapi?

Alilitoa kwenye asili ya neno lenyewe, hata kama hakujua. Wagiriki walikuwa na kitenzi "eilein", yaani kuviringisha au kusokota, na ugonjwa wa tumbo kufunga wakauita "eileos". Walichokiona kwa nje ni mtu anayejikunja kwa maumivu, hapati choo, anatapika. Wakahisi ndani kuna kamba iliyosokotwa.

Katika maandishi ya kale yanayohusishwa na Hippocrates, tabibu wao maarufu, kuna tiba ya ugonjwa huo ambayo kila nikiikumbuka nacheka kidogo: chukua mivukuto ya mhunzi, pulizia hewa kupitia njia ya haja kubwa. Aliyewahi kuwaona wahunzi wa Mamba, kule njia ya Marangu, wakivukuta moto anaweza kujichorea picha mwenyewe. Lakini tusiwacheke sana. Mtoto mchanga ambaye kipande cha utumbo kimeingia ndani ya kipande kingine, kama soksi iliyokunjwa, hadi leo anaweza kutibiwa kwa hewa inayopulizwa kwa kipimo kupitia hukohuko chini. Wazee wale walikuwa wamegusa kitu. (Usijaribu nyumbani, tafadhali. Hilo hufanyika hospitali, daktari wa upasuaji akiwa karibu.)

Warumi nao walikuwa na kitenzi "volvere", kuviringisha, na humo kikatoka "volvulasi", jina ambalo madaktari wanalitumia mpaka leo kwa utumbo uliojisokota kweli. Huku Afrika Mashariki tunauona zaidi kuliko wanavyouona Ulaya Magharibi, hasa kwa wanaume watu wazima, kwenye kile kipande cha mwisho cha utumbo mpana kilichopinda kama herufi S.

Kulikuwa pia na jina la tatu, na hili linaonyesha hali ilivyokuwa kabla ya upasuaji salama. Ulaya ugonjwa huu ulipofikia hatua ya mtu kutapika kitu chenye harufu ya kinyesi waliuita "miserere mei". Ni Kilatini, maneno ya mwanzo ya Zaburi ya toba, ile ya 51 katika Biblia zetu: unirehemu. Daktari anapoupa ugonjwa jina la sala, ujue dawa zilikuwa zimemwishia.

Neno la kusokota likageukaje kuwa la kulala?

Polepole. Kadiri maiti zilivyopasuliwa na kuchunguzwa, ilionekana kwamba tumbo lililofunga lina sababu nyingi. Mmoja utumbo umejisokota, mwingine umenaswa kwenye ngiri, mwingine una uvimbe, na mwingine hana kizuizi chochote: utumbo umejaa tu. Wote walikuwa wamebeba jina moja.

Mwaka 1899 William Bayliss na Ernest Starling, waliokuwa wakifanya kazi London, walichapisha uchunguzi wao juu ya mwendo wa utumbo wa wanyama. Walieleza ile kanuni ya kubana nyuma na kulegea mbele, na wakaonyesha kwamba mishipa fulani ya fahamu ina uwezo wa kuusimamisha. Yaani utumbo unaweza kusimamishwa bila kuzibwa. Kwa utumbo wa namna hiyo madaktari waliongeza neno la kupooza mbele ya ileasi, kisha kwa uvivu wa ulimi wengi wakaliacha, ikabaki ileasi tupu. Kwa wasemao Kijerumani bado linabeba yote mawili, kuziba na kulala.

Na yapo mabaki ya maana ya zamani yanayowachanganya hata wanafunzi wa udaktari. "Ileasi ya jiwe la nyongo", hali aliyoieleza Thomas Bartholin wa Denmark mwaka 1654, ni kuziba kabisa: jiwe limetoka kwenye kifuko cha nyongo likakwama utumboni. Ya mtoto mchanga, ambaye kile kinyesi cheusi cha kwanza kimekuwa kizito kama gundi, ilielezwa mwaka 1905 na Karl Landsteiner, yuleyule aliyegundua makundi ya damu. Nayo ni kuziba.

Kwa hiyo ukilikuta neno hili kwenye faili la ndugu yako, muulize daktari: umelala au umeziba? Uliolala husubiriwa na kusaidiwa. Uliozibwa unaweza kuhitaji kisu usiku huohuo.

Ni kitu kimoja na ileamu?

Hapana. Ileamu ni kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba. Jina lake lina asili ya neno la Kilatini la ubavu, ila tahajia ikavutwa na hili la Kigiriki.

Kiswahili hakina neno?

Kina "chango", na linatuchanganya vilevile. Kwa wengine chango ni utumbo mwembamba, kwa wengine ni minyoo. Kwa akina mama wengi ni maumivu ya tumbo la hedhi au ya uzazi. Mtu akiniambia "nina chango", simpi jina la ugonjwa. Namwomba aweke kidole panapouma. Hata hivyo maana mbili za mwanzo hukutana wakati mwingine, maana kwa watoto minyoo mikubwa ya mviringo huweza kujifunga fundo na kuziba utumbo.

Kwa nini nesi alikuwa anamuuliza mdogo wangu kama amejamba?

Swali hili huwaudhi watu, hasa mama mkwe akiwa amesimama pale na chupa ya chai iliyojaa mtori. Si utovu wa adabu.

Tumbo likipasuliwa na utumbo ukishikwashikwa, wote unanyamaza. Dawa kali za maumivu kama morfini huuongezea usingizi, na madini ya potasiamu yakipungua mwilini ndiyo kabisa. Kisha unaamka kwa zamu: utumbo mwembamba ndani ya saa chache hadi siku moja, mfuko wa chakula siku moja hadi mbili, utumbo mpana siku mbili hadi tatu. Ushuzi unatoka kwa huyu wa mwisho kuamka. Ukitoka, tunajua wa mwisho naye ameamka.

Nilimwona mama mmoja aliyejibu "bado" tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu baba mkwe alikuwa kwenye kiti pembeni ya kitanda. Mzee alipotoka kwenda kuswali, akaninong'oneza: "Nesi, tangu saa nne." Tangu hapo naanza kwa kuwatoa wageni.

Ni kweli chingamu inasaidia?

Ndiyo, kidogo. Kutafuna huudanganya mwili kwamba chakula kinakuja. Kwa waliojifungua kwa upasuaji imeonekana kufupisha muda wa kusubiri hewa itoke. Kuinuka kitandani na kutembea ni kuzuri kwa mambo mengine mengi hata kama utumbo haujali.

Lini si ya kusubiri?

Matapishi ya kijani. Tumbo linalozidi kuvimba na kuwa gumu, bila choo wala hewa. Maumivu yasiyoachia au yanayokuja kwa mawimbi makali, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio. Mtoto anayelia kwa vipindi na kutoa choo chenye damu na ute. Hapo ni hospitali, na njiani usimpe chakula. Usimpe haluli wala dawa yoyote ya kuharisha, na usimpige bomba la njia ya haja kubwa. Kusukuma kwa nguvu mahali palipoziba kunaweza kupasua utumbo.

Akifika huenda akawekewa dripu na mpira wa puani. Mpira ule si wa kumlisha, kama ndugu wengi wanavyodhani. Unatoa hewa na maji yaliyojaa tumboni ili apumue.

Na mtori?

Zamani ilikuwa lazima hewa itoke kwanza. Sasa imethibitika kwamba mama aliyejifungua kwa upasuaji usio na matatizo anaweza kuanza kunywa na kula mapema, saa chache tu baadaye, na wodi nyingine zinafanya hivyo. Aliyeandikiwa ileasi ni tofauti: asubiri neno la daktari wake. Mdogo wa yule dada alisubiri siku nne. Siku ya tano alipewa uji mwepesi, vijiko vichache, na jioni mama mkwe akaruhusiwa kufungua chupa yake.