Chumba cha trela kutoka na kurudi si ushahidi kwamba ni kizima

Wengi wanaonunua trela la kuishi safarini lililokwisha kutumika, huko Marekani na Kanada, hukagua chumba kinachosukumwa nje ya ukuta wa trela ili kuongeza nafasi likiwa limeegeshwa kwa namna moja tu: muuzaji anabonyeza swichi, chumba kinatoka, kinarudi, wanaridhika. Hapo wamepima mota tu, na mota hubadilishwa.

Adui mkubwa ni maji. Mvua hutuama juu ya paa la chumba hicho, na mipira ya kuziba pembeni ikikauka au kuchanika, maji hupenya taratibu hadi kwenye sakafu ya mbao. Kwa hiyo chumba kikiwa nje, kanyaga kwa nguvu kingo na pembe zake zote. Pakibonyea, mbao huenda zimeoza. Kisha lala chini uitazame sakafu hiyo kwa upande wa chini, hata nguo zikichafuka. Ukuta wa nje uliotuna nao ni dalili mbaya. Ukikuta manukato makali ndani, uliza yanaficha harufu gani.

Ingia pia chumba kikiwa kimerudishwa: katika baadhi ya matrela chumba hicho huziba njia, hutaweza kufika kitandani wala chooni ukiegesha kwa muda katikati ya safari.